Bonde Lililoungua Chini kwa Chini

Nilirudi kijijini kwa Bibi mwaka ambao kiwanda cha nguo kilitupunguza kazi. Walituita uani kwa makundi, mashine zikiwa zimezimwa, wakatuambia kwamba mitumba imejaa sokoni na hakuna anayenunua vitenge vyetu tena. Nilikuwa katika chumba cha kusokota nyuzi tangu nilipomaliza shule. Nilikuwa na kikohozi kidogo cha vumbi la pamba, kama wenzangu wote, na hakuna aliyekiona kuwa ugonjwa. Nilifunga godoro langu kwa kamba, nikapata lori lililokuwa linakwenda kuchukua mkaa, nikateremka njia panda mbele ya Nyegezi na kushika njia ya ziwani.

Bibi ndiye aliyenilea. Baba yangu, mwanawe wa kwanza, alifariki nikiwa mdogo, na mama akaolewa mbali. Bibi alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa kuliko ya wanaume wengi, na kwa muda wote niliomjua macho yake yalikuwa mekundu. Jiko lake lilikuwa kibanda cha udongo kisicho na dirisha. Alikuwa amepikia humo tangu alipoolewa, kwanza kwa kuni, na kuni zilipokwisha vilimani, kwa mabua ya pamba na kinyesi kikavu cha ng'ombe. Ukiingia ilibidi uiname, maana hewa ya kuvuta ilikuwa chini karibu na sakafu. Yeye alikaa humo kwenye kigoda akisonga ugali kana kwamba yuko nje kwenye upepo, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

Ng'ambo ya ua aliishi baba mdogo, kitindamimba wa Bibi, pamoja na mkewe. Mama mdogo huyo nami tulikuwa wa umri mmoja. Nilipokuja likizo kutoka kiwandani tulitwanga pamoja na kucheka mambo ambayo wanawake wenye umri mmoja huyacheka. Mimba zake mbili zilikuwa zimeharibika. Niliporudi na godoro langu nilimkuta ana mtoto wa kiume mgongoni, mwenye mashavu mazito, na alimgeuza ili nimwone hata kabla hatujamaliza kusalimiana.

Kati ya nyumba zetu na ziwa palikuwa na bonde. Mto mdogo uliotoka vilimani uliingia humo na kupotea katika mafunjo na matete, na utotoni tulikatazwa kulikanyaga kwa sababu ya matope na viboko. Mwaka ule mvua zilikuwa zimekosa na ziwa limerudi nyuma. Bonde lilikauka. Mafunjo yalisimama yakiwa rangi ya mkeka mkuukuu, yakigongana kwa sauti kavu upepo ulipopita.

Wakati huohuo watu walikuwa wanaacha pamba. Chama cha ushirika kilikuwa hoi, na wanunuzi binafsi waliokuja na malori yao msimu uliopita walikuwa wamebeba mzigo wakaondoka na ahadi. Lakini Mwanza ilikuwa inakua, watu wa viwanda vya samaki walikuwa wanakula, na nyanya na vitunguu viliuzika siku hiyohiyo. Udongo wa bondeni ulikuwa mweusi na bado una unyevu chini. Kila mwenye nguvu alijikatia kipande, baba mdogo akiwamo, na kila mmoja alisafisha kipande chake kwa njia tuliyoijua sote, yaani kwa kiberiti.

Sikuuona moto ukianza, na sijakutana na mtu aliyekiri kuuona. Nilisikia kelele, nikatoka, nikaona miali imepanda juu ya mafunjo upande wa kaskazini, inakimbia na upepo. Wanaume walikata matawi mabichi wakawa wanaupiga. Wanawake tulibeba maji kwa ndoo kutoka ziwani tukiyamwaga penye ukingo, na yalikauka kabla hatujageuka. Uliunguza bonde zima na ngitili iliyokuwa kando yake, yale malisho tuliyoyafunga ili ng'ombe wayale kiangazi. Kisha miali ikakosa cha kula ikafa. Watu walirudi majumbani weusi kwa masizi, wamechoka, wakisema afadhali umezimika.

Haukuzimika, ulikuwa umeingia ardhini. Chini ya lile bonde palikuwa na mizizi na majani yaliyooza ya miaka ambayo hakuna anayeijua, yamelaliana kwa tabaka, na sasa yalikuwa makavu. Yaliwaka bila mwali, taratibu, kama tumbaku ndani ya kiko. Kwa juu uliona majivu tu. Ndama mmoja wa jirani alivuka kufuata maji, ardhi ikambonyea, akazama hadi magotini ndani ya makaa. Wakamvuta kwa kamba wakamchinja palepale. Baada ya hapo tuliwafunga watoto wadogo kamba miguuni kama mbuzi ili wasitoroke kwenda huko.

Na moshi ukaanza kutoka.

Moshi wa kuni niliuzoea tangu tumboni. Huu ulikuwa mwingine. Ulikuwa mzito, wa rangi ya manjano, unanuka nywele zilizoungua na tope. Usiku, hewa ilipopoa, ulitambaa kutoka bondeni ukaja kulala kwenye nyumba zetu, na asubuhi ulikuta huoni mti uliopo uani. Jua lilipanda likiwa jekundu, unaliangalia kwa macho matupu kama sahani ya shaba. Ilipokaribia saa sita upepo wa ziwani uliusukuma kidogo, tukapata kuvuta pumzi, na jioni ulirudi. Dagaa walioanikwa mchangani hawakukauka, wakaoza. Mtungi wa maji ukiufunua ulikuta utando wa majivu juu. Hata uji ulikuwa na ladha ya bonde.

Kwanza yalikuja macho. Kijiji kizima tulitembea na macho mekundu, tunayapikicha kwa pindo za kanga. Halafu koo, halafu kichwa kinachogonga tangu unapoamka. Kisha kikohozi. Asubuhi, kabla jogoo hawajawika vizuri, ulisikia watu wanakohoa nyumba hadi nyumba, na kila kikohozi ulikijua ni cha nani. Kikohozi changu cha kiwandani, nilichodhani nimekiacha mjini, kilirudi na kaka zake. Nilikuwa nikipanda kutoka kisimani kifua kinabana kama nimefungwa kitambaa na mtu anayeendelea kukaza.

Bibi ndiye aliyeonyesha mapema kwamba mambo si ya kawaida. Mwanamke aliyekuwa akibeba ndoo kichwani huku anapiga soga alianza kusimama njiani. Alisimama, akaweka mikono magotini, mabega yakapanda na kushuka, na midomo yake ikawa na rangi ya majivu. Nilimpokea ndoo. Hakukataa, na hilo ndilo lililonitisha.

"Bibi, unaumwa?"

"Siumwi. Pumzi inakataa kuingia." Alinyamaza akaitafuta nyingine. "Moshi wa jikoni tunajuana. Huu sijui umetoka kwa nani."

Alituonyesha kutundika kanga zilizolowa maji milangoni. Alitukataza kukoka moto ndani, yeye mwenyewe aliyepikia ndani maisha yake yote, akahamishia mafiga nje. Mama mdogo alimkabidhi mtoto wakati akifua, na Bibi alimpakata akiwa amemfunika uso kwa kitambaa chepesi kilicholowana, akimpungia kwa ungo.

Mtoto alianza kwa mafua tu. Kisha akaacha kunyonya vizuri, akawa anashika ziwa na kuliachia ili apumue, anashika tena na kuliachia. Mama mdogo alinifuata nikiwa nachambua dengu.

"Njoo unisikilizie," akasema. "Anatoa sauti kama paka."

Tulimpeleka zahanati, kule juu barabarani, tukipokezana kumbeba. Kulikuwa na foleni ya akina mama hadi nje, na wote walikuwa na watoto wanaokohoa. Muuguzi alikuwa mwanamke mtu mzima, naye macho yamemvimba. Alimfungua mtoto shati akatazama kifua bila kumgusa, kwa muda.

"Mnaona hapa chini ya mbavu panavyoingia ndani akivuta? Hii ni nimonia. Nitamchoma sindano niliyonayo, ni ya mwisho. Nyingine nendeni mkanunue mjini, kwenye maduka ya dawa. Hapa hazijaletwa." Alimfunga shati vizuri kabisa, kifungo kwa kifungo. "Na mtoeni kwenye moshi."

"Tumpeleke wapi?" akauliza mama mdogo.

"Popote pasipo na moshi, mama."

Mama mdogo alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Kwao kulikuwa Nansio, ng'ambo ya maji, na mtoto anayepumua vile hakuna aliyethubutu kumweka kwenye chombo.

Kesho yake asubuhi baba mdogo alichukua baiskeli akaenda Mwanza kutafuta dawa. Mama mdogo alikuwa hajalala. Jua lilipopanda alikuwa amekaa ukutani na mtoto mikononi, kichwa kinamdondoka. Bibi alimchukua mtoto mikononi mwake akamwambia alale kidogo. Kisha akaniambia mimi, "Twende kwenye mawe. Upepo unaanzia kule."

Mawe aliyoyasema yako ufukoni, yale makubwa yaliyopandana kama yamepangwa na mtu. Ilitubidi kupita pale wanawake wanapooshea vyombo. Kwa desturi Bibi asingepita watu bila salamu ndefu, na wadogo wangemwamkia naye angeitikia mmoja mmoja. Siku hiyo walimwambia "Shikamoo," naye akapita. Hakuwa na pumzi ya kuitikia. Zote alizokuwa nazo alikuwa anazitumia kutembea. Mimi nilikuwa nyuma na kanga na chupa ya maji, nikaitikia kwa niaba yake kwa kutikisa kichwa. Niliona wanavyotutazama, nikadhani ni huruma.

Kwenye mawe kweli kulikuwa na hewa. Ilikuja kutoka ziwani, baridi, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nilinusa maji badala ya moto. Bibi alikaa, akamweka mtoto mapajani kichwa kikiwa juu kidogo, akamfunua uso. Mtoto alifumbua macho. Matundu ya pua yake yalikuwa yanatanuka na kusinyaa haraka, kichwa kinamfuata kila pumzi. Nilifikiri anapata nafuu. Pumzi zilipungua kasi, nikasema, "Bibi, anatulia." Bibi alikuwa amemwekea kiganja kifuani, na alikiacha pale muda mrefu baada ya mimi kuelewa.

Alimbeba mwenyewe kurudi. Nilimwomba nimsaidie akakataa. Tulipita tena pale pa vyombo, na safari hii walisimama wote wakaacha kuosha.

Baba mdogo alifika jua likizama, shati limemganda mgongoni, na kijiboksi cha dawa mfukoni. Watu walikuwa wameshajaa uani. Aliegesha baiskeli ukutani kwa uangalifu, akaangalia isianguke, ndipo akageuka kututazama.

Tulimzika katika moshi. Mchungaji alikatisha sala mara kwa mara ili akohoe. Upande wa pili wa kijiji, majuma hayo hayo, walizika binti mdogo na mzee mmoja aliyekuwa na pumu. Watu walisema ni kifua, ni kiangazi, ni Mungu.

Mvua ilikuja kwa kuchelewa, lakini ilikuja kwa nguvu. Siku ya kwanza bonde lilifuka mvuke mweupe kama sufuria kubwa, na ardhi ikapiga kelele za kuzomea. Baada ya mvua chache, kukawa kimya. Asubuhi moja tuliamka tukaona visiwa. Tulikuwa tumesahau kwamba ukisimama uani kwetu unaona visiwa. Vikohozi vilipungua. Macho ya watu yalisafika, moja baada ya jingine, na watu walitazamana usoni tena.

Ya Bibi hayakusafika. Yalikuwa mekundu kuliko zamani, kope zimevimba, na kifua chake hakikurudi. Akiongea alikata maneno katikati. Usingizini alitoa sauti ya mluzi. Kwa mtu aliyetaka kuona kitu, kulikuwa na kitu cha kuona: kijiji kizima kimepona, bikizee mmoja amebaki na macho ya moto.

Sitaki kujifanya kwamba imani hii ni ya watu wengine. Nimekulia ndani yake. Usukumani, miaka ile, bibi kizee mwenye macho mekundu alikuwa mtu wa hatari, na hatari kubwa ilikuwa juu yake yeye. Tulisikia habari za kijiji fulani, kisha kingine, za vikongwe waliokutwa wamekatwa mapanga. Tulisikia na kusema "maskini," na kuendelea na kazi. Sikuwahi kuuweka uso wa Bibi katika habari hizo.

Mama mdogo aliacha kumwamkia. Kwanza nilidhani ni msiba. Kisha nikasikia kwamba amepanda mlima na dada yake kwenda kwa mpiga ramli. Nilimfuata shambani nikaanza kupalilia mstari wa pembeni yake, ili tuongee huku tunafanya kazi, kama zamani.

"Umeambiwa nini huko?" nikamuuliza.

Aliendelea kupalilia. "Moshi tulivuta wote?"

"Wote."

"Wewe ulivuta. Mimi nilivuta. Mtoto wa jirani alivuta, mdogo kuliko wangu, na yupo, ananyonya. Kwa nini wangu?"

Nilimkumbusha ile nimonia aliyoitaja muuguzi, kwamba kifua cha mtoto ni chembamba, kwamba mwingine huzidiwa na mwingine huponea chupuchupu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Huyo wa jirani kifua chake ni kipana?" akauliza.

Jibu la swali hilo nimelitafuta tangu wakati huo, nimewauliza madaktari, na wao pia hujibu kwa maneno ya kuzunguka. Wanaweza kusema moshi unaua watoto. Hawawezi kumwambia mama kwa nini uliua wake.

"Alikufa mikononi mwake," mama mdogo akasema. "Nilimpa akiwa hai."

"Nilikuwepo. Alimpeleka kwenye hewa."

"Najua ulikuwepo," akasema, akahamia mstari mwingine.

Baada ya hapo, mwanamke mmoja niliyesoma naye alinisogelea kisimani. Mumewe alikuwa katika sungusungu, ulinzi wa kijiji. Alijaza ndoo yake, akajitwisha, na alipokuwa amenipa mgongo akasema kwa sauti ya kawaida, "Mpeleke bibi yako akatembee mjini. Mazao yakishavunwa watu wanakuwa na nafasi." Akaondoka bila kugeuka.

Nilimkuta baba mdogo kwenye nyanya zake. Udongo ulioungua ulikuwa umezaa vizuri ajabu, miche imesimama ya kijani kibichi kwenye majivu. Alikuwa ananyunyizia dawa, akikohoa ndani ya kitambaa alichojifunga usoni. Nilimwamkia, akaitikia. Nikamwambia nilichoambiwa.

"Mimi sijasema neno," akasema.

"Ndiyo maana nimekuja kwako, baba. Hujasema."

Alishusha kitambaa. Alikuwa amekonda. "Unataka niseme nini? Nikisema si yeye, namwita mke wangu mwongo. Nikisema ni yeye…" Alitazama bonde, ile rangi ya kijani yote. "Nilichoma hapa," akasema. "Kipande hiki. Wengine pia walichoma, lakini hiki nilichoma mimi. Hakuna aliyenitazama kwa jicho baya hata siku moja."

Alipandisha kitambaa usoni. Kisha akaniambia niwe tayari alfajiri ya siku ya soko, watu wanapokuwa njiani wengi na hakuna anayeuliza unakwenda wapi.

Alikuja na baiskeli. Alikuwa amefunga mto wa kulalia kwenye kiti cha nyuma kwa mpira wa tairi. Bibi alitoka amevaa nguo zake za kanisani. Hatukuwa tumemwambia sababu, tulimwambia anakwenda kupimwa kifua. Alifunga mlango wa jiko, akaufungua tena, akatoa mwiko wake, akautia katika fuko langu. Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni kwake. Bibi alimtazama akasema, "Baki salama, mayu," hivyo ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma. Mama mdogo aliingia ndani.

Baba mdogo alisukuma baiskeli hadi barabarani, Bibi juu ya mto, mimi nyuma nikimshikilia. Kwenye mwinuko baba mdogo alisimama kukohoa na Bibi alimwekea mkono begani hadi kikohozi kilipomwachia. Lori la nyanya lilipokuja alimpandisha mama yake mbele kwa dereva kama mtu anayepandisha mtoto.

Tulipanga chumba Mirongo, mjini Mwanza, karibu na mto, nyumba ya Waislamu waliokuwa mafundi cherehani tangu babu zao. Mama mwenye nyumba alinipa kazi ya kurekebisha mitumba: kubana viuno, kubadili vifungo, kugeuza sketi za Wazungu zikawa za wanafunzi. Nguo zilizonifukuza kiwandani sasa ndizo zilizotulisha.

Hospitali kulikuwa na utaratibu mpya wa kuchangia gharama, na foleni ileile ya zamani. Daktari alikuwa kijana mwenye adabu. Aliitundika picha ya kifua kwenye taa akaitazama, kisha akamgeukia Bibi.

"Bibi, umevuta sigara miaka mingapi?"

"Mimi? Sijapata kuvuta."

"Au kiko? Ugoro?"

"Nimepika," Bibi akasema.

Daktari alikaa. Nilimweleza habari za jiko, kisha za bonde. Aliandika kidogo. Akatuambia kwamba mapafu yale yalikuwa yamechoka kwa moshi wa miaka mingi, na kwamba mtu anaweza kwenda nayo hivyo hadi mwisho wake bila kujua, lakini ule moshi wa bondeni uliyavunja. Vidonge vingepunguza kubana. Hakuna cha kuyarudisha. Niliuliza kuhusu macho. Alituandikia dawa ya tyubu.

"Wekundu utaisha?" nikauliza.

"Kuwasha kutapungua. Wekundu utabaki."

Bibi alitazama chini. Hapo ndipo nilipotambua kwamba alijua kwa nini tumehama, na alijua tangu mwanzo.

Nilimnunulia miwani ya jua kwenye mitumba, mikubwa, ya kahawia. Alikuwa akikaa nayo barazani akiwa na kanga kichwani, na watoto wa nyumba ile walimwita "msanii." Alifurahi. Mama mwenye nyumba alimpikia chai ya tangawizi na kuzozana naye kuhusu bei ya samaki. Kwa muda tulikuwa karibu na furaha. Lakini kila majirani walipokoka mkaa jioni ilibidi nimwingize ndani na kuziba upenyo wa mlango, na chumba kilikuwa na joto, naye alikaa kitandani ameegemea mbele, mikono magotini, anafanya kazi ya kupumua. Ni kazi. Sijaona mtu akifanya kazi nzito kuliko ile. Alitoka jasho kama mtu anayelima.

Kiangazi kilichofuata watu walichoma majani kwenye vilima vya juu ya mji, kama wanavyochoma kila mwaka. Haukuwa moshi mwingi. Wengine hata hawakuuona. Bibi aliunusa kabla yangu. Alipelekwa wodini kwa mkokoteni wa fundi, akakaa siku chache kwenye oksijeni ambayo mara ilikuwapo, mara haikuwapo, na akafa mchana, wakati wa kuona wagonjwa, wodi imejaa watu wenye vyakula. Mkono wake ulikuwa mkononi mwangu. Alikuwa anaomba afunguliwe dirisha, na dirisha lilikuwa wazi.

Baba mdogo alikuja peke yake. Tulizungumza nje ya chumba cha maiti. Alisema kumrudisha kijijini kungeleta maneno, na hakuwa na hakika watu wangekuja kuzika au kutazama tu. Tulimzika mjini, kwenye makaburi yaliyo juu ya mawe, pamoja na mafundi wa nyumba ile ambao walibeba jeneza na kuchimba ingawa hakuwa wa dini yao. Baba mdogo alishindwa kumaliza kufukia. Alikaa pembeni akitafuta pumzi, na sote tulijifanya hatumwoni.

Miaka ilipita kabla sijamwona tena mama mdogo. Alikuja Mirongo siku moja mchana, ana mtoto wa kike mgongoni, akasimama mlangoni bila kubisha. Mtoto alikuwa na kifua. Aliniomba nimwonyeshe hospitali, maana hakujua waanzie dirisha gani. Nilifunga cherehani tukaenda. Tulikaa foleni bega kwa bega nusu ya siku. Mtoto alipimwa, akapewa dawa, halikuwa jambo kubwa. Daktari alimwambia asipikie ndani akiwa na mtoto, na mama mdogo akaitikia, "Nimeshaacha. Napikia nje."

Nilimsindikiza hadi stendi ya Nyegezi. Tulikaa kwenye benchi tukisubiri gari lake lijae. Mtoto alilala. Mama mdogo alimwekea sikio kifuani, akasikiliza, akainuka, kisha akarudia tena baada ya muda. Nadhani hakujua kama anafanya hivyo.

"Alinisema?" akauliza ghafla.

Nilijua anamuulizia Bibi. Nilifikiria kwanza, kwa sababu nilitaka kumjibu ukweli.

"Hapana. Alikuwa anauliza kama umepata mtoto mwingine."

Hakunitazama. Alimrudisha mtoto mgongoni, akakaza kanga, akafungua, akakaza tena. Kondakta alikuwa anaita. Alipanda akakaa upande wa dirisha lililokuwa mbali nami, na gari lilipoondoka niliona kisogo chake tu, na kile cha mtoto, nyuso zao zikiwa zimegeukia upande wa ziwa.